Adapta Badala ya Betri: Jinsi ya Kuchagua Inayofaa



Karibu kila parokia ina vyombo vinavyotumia betri. Kuna kinanda cha kwaya, redio ya kikundi cha wasikilizaji, kipaza sauti cha mkononi cha kutangazia mikutano ya hadhara, na kipimo cha shinikizo la damu katika zahanati. Betri hizo, ambazo wengi wetu tunaziita mawe, hununuliwa kwa fedha za michango, na zikiisha kazi husimama mpaka mhazini apate fedha nyingine.

Mahali umeme ulipofika, kamati nyingi huamua kuacha kununua mawe kila mwezi na kununua adapta mara moja tu. Huo ni uamuzi mzuri. Tatizo liko katika namna adapta inavyochaguliwa. Mara nyingi mjumbe anayekwenda mjini huambiwa, "Tafuta inayoingia." Naye hufika dukani, hujaribu plagi moja baada ya nyingine, na ile inayoingia vizuri kwenye tundu la chombo ndiyo anayoilipia.

Plagi kuingia hakuthibitishi kwamba adapta inafaa. Kuna adapta nyingi zenye plagi za ukubwa mmoja lakini zinazotoa umeme tofauti kabisa. Kinanda ambacho jumuiya zimekichangia mwaka mzima kinaweza kuungua kwa dakika moja kwa sababu ya adapta ya bei ndogo. Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia ili jambo hilo lisitokee kwenu. Haihitaji ufundi wa umeme. Inahitaji kusoma maandishi madogo yaliyo kwenye vyombo na kuyalinganisha.

FAIDA YA KUACHA BETRI

Tuchukue mfano wa kinanda kinachotumia betri kubwa sita. Tuseme kwaya hufanya mazoezi na kupiga Jumapili, na betri hubadilishwa mara moja kwa mwezi. Hizo ni betri 72 kwa mwaka. Bei ya betri moja katika duka la kwenu mnaijua; zidisheni kwa 72 mwone.

Sasa tuangalie upande wa umeme. Adapta ya volti 9 na ampea 1 hutoa wati 9 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Kinanda kikitumika saa 24 kwa mwezi, yaani saa 6 kwa wiki, hayo ni matumizi ya takriban robo ya uniti moja ya umeme. Hata tukihesabu umeme unaopotea kama joto ndani ya adapta, hayafiki uniti nzima. Gharama hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na ya betri sita.

Kuna faida nyingine pia. Betri zilizosahauliwa ndani ya chombo huvuja, na maji yake hula vyuma vinavyopitisha umeme. Betri zilizokwisha nazo huwa takataka. Watoto huzichezea, na nyingine hutupwa motoni, jambo la hatari kwa sababu zinaweza kupasuka.

ADAPTA HUFANYA NINI?

Umeme wa ukutani katika Tanzania na nchi jirani una volti kati ya 220 na 240. Ni mkondo geu, yaani hubadilisha mwelekeo mara nyingi katika kila sekunde. Betri hutoa umeme wa namna nyingine: volti chache, na mkondo mnyoofu unaokwenda upande mmoja tu. Adapta nyingi hufanya kazi mbili. Hushusha volti, kisha hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu.

Madukani kuna adapta za aina mbili. Ya kwanza ni nzito, kwa sababu ndani yake mna transfoma ya chuma na shaba. Ya pili ni nyepesi, na ndiyo inayopatikana zaidi siku hizi. Nyingi kati ya zile nzito za bei nafuu hazidhibiti volti. Adapta iliyoandikwa volti 9 inaweza kutoa 12 au zaidi ikiwa haijabeba mzigo, kisha hushuka kadiri chombo kinavyovuta umeme. Nyepesi iliyotengenezwa vizuri hutoa volti ileile wakati wote. Kwa vyombo vya elektroniki, iliyo bora ni ile inayodhibiti volti.

MAMBO MANNE YA KULINGANISHA

Tafuteni maandishi sehemu mbili. Kwanza ni kwenye chombo chenyewe, karibu na tundu la adapta au chini yake, na pia katika kitabu cha maelekezo kama bado kipo. Pili ni kwenye adapta, ambapo kuna sehemu iliyoandikwa INPUT, yaani umeme unaoingia kutoka ukutani, na nyingine iliyoandikwa OUTPUT, yaani umeme unaotoka kwenda kwenye chombo. Kwa mambo manne yafuatayo tunaangalia OUTPUT.

1. Volti. Volti za adapta ziwe sawa na zilizoandikwa kwenye chombo. Chombo kikitaka 6, mpeni 6. Zikizidi, chombo kinaweza kuungua. Zikipungua, redio hukoroma, na kinanda hujizima au hupoteza mipangilio yake.

Wengi hutafuta volti kwa kuhesabu betri. Betri moja kavu ina volti 1.5, hivyo nne zilizopangwa kwa kufuatana ni 6, sita ni 9, na nane ni 12. Hesabu hiyo husaidia, lakini isiwe neno la mwisho. Baadhi ya vinanda vya Yamaha huchukua betri sita, yaani volti 9, na bado adapta yake ni ya volti 12. Kwa hiyo hesabuni betri ili kupata picha, kisha fuateni maandishi.

2. Aina ya mkondo. DC ni mkondo mnyoofu, na AC ni mkondo geu. Pengine badala ya DC huchorwa mstari mmoja ulionyooka wenye vistari vidogo chini yake, na badala ya AC huchorwa wimbi dogo. Vyombo vingi vinavyotumia betri hutaka DC. Lakini zipo adapta zinazotoa AC, kwa mfano za baadhi ya mashine ndogo za kuchanganyia sauti za maikrofoni. Volti zinaweza kuwa sawa na plagi ikaingia, lakini mkondo wa AC ukaharibu chombo cha DC.

3. Ncha chanya na ncha hasi. Plagi ya adapta ina sehemu mbili zinazopitisha umeme: ndani ya tundu lake, na ganda la nje. Katika baadhi ya adapta chanya iko ndani, na katika nyingine iko nje. Alama yake ni kidoti kilichozungukwa na nusu duara, na mistari miwili inayokwenda kwenye alama za + na −. Kidoti ndiyo sehemu ya ndani. Kikiunganishwa na +, chanya iko ndani. Kikiunganishwa na −, hasi iko ndani. Alama ya kwenye chombo na ya kwenye adapta lazima zifanane.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu hakuna mpango mmoja kwa watengenezaji wote. Vinanda vingi vya zamani vya Casio vilitumia volti 9 na hasi ndani. Vinanda vingi vya Yamaha hutumia volti 12 na chanya ndani. Kwaya mbili zikiazimana adapta bila kuangalia alama, zinaweza kukosea volti na ncha kwa pamoja. Baadhi ya vyombo vina kinga ya umeme uliogeuzwa, lakini vingine havina, na kwa macho huwezi kujua.

4. Ampea. Hiki ni kiasi cha umeme ambacho adapta inaweza kutoa. Huandikwa kwa ampea, A, au kwa miliampea, mA. Miliampea 1000 ni ampea 1. Hapa kanuni ni tofauti na ya volti: ampea za adapta ziwe sawa na zinazotakiwa au zaidi, zisiwe pungufu.

Wengi huogopa ampea nyingi bila sababu. Fikirini tanki la maji lililoinuliwa juu. Volti ni kama urefu wa mnara wa tanki, unaosukuma maji. Ampea zilizoandikwa kwenye adapta ni kama uwezo wa tanki na bomba lake kutoa maji. Mnara ukiwa mrefu kupita kiasi, maji yatapasua mpira wa kumwagilia. Lakini tanki likiwa kubwa, halimlazimishi mtu kuchota maji mengi; kila mmoja huchota anachohitaji. Vivyo hivyo, chombo kinachohitaji miliampea 500 kikiwekewa adapta ya ampea 2 yenye volti sahihi, kitavuta 500 tu. Adapta yenye ampea pungufu ndiyo yenye matatizo: hupata moto, volti zake hushuka, na sauti huharibika mnapoongeza nguvu ya spika.

Kama chombo kimeandikwa wati badala ya ampea, gawanyeni wati kwa volti. Kinanda cha wati 7 na volti 9 kinahitaji takriban ampea 0.8. Adapta ya ampea 1 inakitosha.

PLAGI NI YA MWISHO

Mambo hayo manne yakishafanana, ndipo muangalie ukubwa wa plagi. Plagi nyingi za mviringo zina upana wa milimita 5.5 kwa nje, lakini tundu la ndani ni milimita 2.1 au 2.5. Zikiwekwa mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ya 2.5 huingia kwenye chombo cha 2.1 ila hulegea, na umeme hukatika kila chombo kinapotikiswa. Ya 2.1 haiingii kwenye chombo cha 2.5. Kwa hiyo bebeni chombo chenyewe dukani ikiwezekana.

Kama adapta inafaa kwa yote isipokuwa plagi, fundi redio anaweza kubadilisha plagi kwa gharama ndogo. Mwambieni apime kwa mita ncha zote mbili kabla hamjachomeka kwenye chombo. Kubadilisha plagi ni rahisi kuliko kufufua kinanda.

Zipo pia adapta zenye swichi ya kuchagua volti 3, 4.5, 6, 7.5, 9 au 12, pamoja na vichwa vya plagi vinavyoweza kugeuzwa. Zinafaa kwa fundi. Kwa parokia zina hatari moja: mtu anaposafisha chumba au kuazima adapta, swichi husogea au kichwa hugeuzwa, na anayefuata hajui. Mkiwa nayo, ichagueni volti sahihi, kisha fungeni swichi na kichwa kwa utepe wa kunata.

UPANDE WA UKUTANI

Sasa tusome INPUT. Adapta iliyoandikwa 100-240V, 50/60Hz inafaa karibu kila nchi. Kinachoweza kuhitajika ni kichwa cha kubadilishia plagi ili iingie kwenye soketi zetu za pini tatu bapa.

Adapta iliyoandikwa 120V pekee ni ya Marekani, na iliyoandikwa 100V pekee ni ya Japani. Ikichomekwa kwenye umeme wetu hupata takriban mara mbili ya volti ilizotengenezewa. Itapata moto, itatoa moshi, na inaweza kuwasha moto nyumbani. Kichwa cha kubadilishia plagi hakipunguzi volti. Hubadilisha umbo la pini tu. Adapta ya namna hiyo huhitaji transfoma ya kushusha volti, lakini kwa kawaida ni rahisi zaidi kununua adapta nyingine hapa nchini.

Angalieni pia alama ya shirika la viwango: TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya, UNBS kwa Uganda. Adapta duni inaweza kuwa na kinga hafifu kati ya umeme wa ukutani na waya unaokwenda kwenye chombo. Kinga hiyo ikivunjika, mpiga kinanda anaweza kupigwa na umeme mkubwa.

KABLA YA KUWASHA NA BAADA YAKE

Toeni betri ndani ya chombo. Katika vyombo vingi, kuingiza plagi hukata umeme wa betri, lakini swichi hiyo ndogo ikiharibika, adapta inaweza kuanza kuchaji betri kavu zisizochajiwa, nazo zikavuja au kupasuka. Zimeni chombo, chomekeni plagi kwenye chombo, kisha adapta ukutani, halafu washeni. Tumieni kwa dakika kumi, kisha gusani adapta. Joto la kadiri ni la kawaida. Ikiwa ni moto hata mkono hauvumilii, au inanuka, ichomoeni.

Redio ikivuma kwa mngurumo usiokuwepo ilipotumia betri, huenda adapta haichuji umeme vizuri. Jaribuni kuisogeza mbali na redio. Isipokoma, tafuteni adapta nyingine.

Umeme ukikatika, chomoeni adapta. Unaporudi unaweza kuja na volti nyingi kupita kawaida kwa muda mfupi. Chomoeni pia wakati wa radi na baada ya ibada.

PALIPO NA UMEME WA JUA

Vigango vingine vina paneli ya sola na betri ya volti 12. Msiunganishe redio ya volti 6 au kinanda cha volti 9 moja kwa moja na betri hiyo. Hata chombo cha volti 12 kiangaliwe kwanza, kwa maana betri ya 12 inapochajiwa hupanda hadi kupita 14. Tumieni kifaa cha kushusha na kudhibiti volti kinachotoa kiasi kilichoandikwa kwenye chombo, na wekeni fyuzi karibu na betri. Njia hii hupoteza umeme kidogo kuliko kupandisha umeme wa sola hadi volti 230 kisha kuushusha tena kwa adapta.

VYOMBO VYA KUACHIWA BETRI

Si kila chombo kinafaa kuunganishwa ukutani. Maikrofoni isiyo na waya na kipaza sauti cha mkononi vimetengenezwa ili mtu atembee navyo. Kwa hivyo, fikirieni betri za kuchaji pamoja na chaja yake halisi. Kumbukeni kwamba nyingi za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo angalieni kwanza kama chombo kinazikubali.

Kipimo cha shinikizo la damu na vifaa vingine vya tiba vitumie adapta iliyotajwa na mtengenezaji peke yake. Kifaa hicho hufungwa kwenye mwili wa mgonjwa, na usalama wake hutegemea adapta hiyo.

Na chombo kisicho na tundu la adapta kisifunguliwe na kuungwa nyaya na mtu asiye fundi.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawaomba wanaotuma vyombo kutoka ng'ambo wasaidie kwa mambo matatu. Tumeni chombo pamoja na adapta yake halisi, kwa kuwa ikipotea ni vigumu kupata inayolingana nayo. Hakikisheni INPUT yake inafika volti 240. Kama haifiki, ni afadhali mtume gharama ya adapta ili inunuliwe hapa. Na msiondoe kibandiko chenye maandishi ya umeme. Kibandiko hicho ndicho kitakachomsaidia mhazini miaka mitano baadaye, wakati adapta ya kwanza itakapokufa na waliokipokea chombo hawapo tena kwenye kamati.

KWA KAMATI: LA KUFANYA MWEZI HUU

Chukueni daftari la mali za parokia na muongeze safu nne kwa kila chombo cha umeme: volti, AC au DC, ncha ya ndani ni chanya au hasi, na ampea. Andikeni pia jina la chombo kwenye utepe na kuubandika kwenye adapta yake, kwa mfano: "KINANDA CHA KWAYA TU. 9V DC, HASI NDANI." Kazi hiyo huchukua alasiri moja. Baada ya hapo, mjumbe anayetumwa mjini hataambiwa tena atafute inayoingia. Atapewa karatasi yenye mambo manne, na muuza duka atajua ampe nini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwaka uliopita tulitumia kiasi gani kwa betri? Je, tunayo kumbukumbu?

2. Ni vyombo vipi kati ya vyetu vina tundu la adapta, na vipi havina?

3. Adapta tulizo nazo sasa zimeandikwa nini kwenye OUTPUT? Zinalingana na vyombo vyake?

4. Nani ana ruhusa ya kuazimisha adapta, na nani huzikagua zinaporudishwa?

5. Fundi gani wa karibu ana mita na anaweza kutupimia adapta kabla hatujaitumia?